Ugonjwa wa Bibi si Kosa la Bibi



Katika karatasi hizi tumezoea kuandika habari za mishahara, nyumba, saa za ziada, na watu walioachishwa kazi bila sababu. Leo twaandika habari ambayo hatujapata kuiandika, na twajua wengine watakasirika. Watasema, "Chama cha wafanyakazi kimeingiaje katika nguo za ndani za wake zetu?" Jibu letu ni hili. Ugonjwa tutakaoutaja hapa unakula mshahara, unavunja nyumba, na tena unampata mama akiwa kazini kwa tajiri. Mambo hayo yote matatu ni kazi ya chama.

Habari yenyewe ni magonjwa ya uke, na zile desturi za kujisafisha ambazo mama zetu wa Kisii na Nyamira, kama mama wa kwingineko, wamefundishwa kuwa ndizo usafi, kumbe mara nyingi ndizo zinazoleta ugonjwa.

Tuanze nyumbani. Nyamira hakuna reli. Mtu wetu anayetaka kazi ya reli sharti aende Kisumu, Nakuru, Nairobi au Mombasa, na bibi hubaki Ekerenyo, Manga au Borabu akitunza migomba, chai na watoto. Bwana anarudi mwisho wa mwezi. Siku hiyo akiona bibi anajikuna, au ana majimaji yasiyo ya kawaida, au ana harufu, neno la kwanza kinywani mwake ni hili: "Umekuwa na nani?" Hapo vita vinaanza. Wazee wanaitwa, wakwe wanaitwa, ng'ombe wa mahari wanahesabiwa upya. Safari nyingine bibi akiona dalili anaficha. Haendi hospitali, maana atauliziwa huko na habari itamrudia bwana. Huenda sokoni kwa muuza dawa, akanunua unga katika karatasi, akajisugua usiku watoto wakilala. Mwezi wa pili ugonjwa umezidi, na fedha zimekwisha.

Basi yafaa tujue kwanza mwili wa mama umefanywa namna gani.

Kila mzee wa Kisii ajua kuwa maziwa yakiwekwa katika kibuyu huwa machachu, na yakiisha kuwa machachu hayaozi upesi. Kinachofanya hivyo ni vijidudu vidogo vizuri vinavyotengeneza uchachu. Ndani ya uke wa mama mzima wamo vijidudu wa ukoo huo huo. Madaktari huwaita laktobasili. Kazi yao ni kutia uchachu, na uchachu huo huwazuia vijidudu vibaya wasizae. Kwa sababu hiyo uke hujisafisha wenyewe. Majimaji kidogo meupe au yasiyo na rangi, yasiyowasha wala kunuka vibaya, si ugonjwa. Huzidi na kupungua kwa siku za mwezi, na wakati wa mimba huongezeka. Ni afya.

Sisi wa reli tuna mfano wake. Ekseli ya behewa ina grisi. Mtu asiyejua kazi akiitazama ataona ni uchafu mweusi, atachukua kitambaa na mafuta ya taa aifute mpaka ing'ae. Behewa litaondoka stesheni likiwa safi sana, na kabla ya safari kwisha ekseli itashika moto. Ndivyo afanyavyo mama anayejiosha ndani kwa sabuni, dawa ya kuulia vijidudu, siki, ndimu, chumvi au maji ya majani. Huwafukuza walinzi na kuacha mlango wazi.

Kuna magonjwa matatu ambayo mama huyapata mara nyingi, na yafaa kila nyumba iyajue.

La kwanza ni ugonjwa wa bakteria, ambao huja pale vijidudu vizuri wanapopungua na wale wengine kuzidi. Majimaji huwa mepesi, ya kijivu, yenye shombo kama la samaki, na shombo huzidi baada ya kulala na bwana. Mama akisikia shombo hukimbilia sabuni, na sabuni huzidisha shombo. Ugonjwa huu kwa mama mwenye mimba waweza kuleta mtoto kabla ya siku zake.

La pili ni fangasi. Hapa kuna kuwashwa sana, na uchafu mweupe mzito kama maziwa ya mgando. Hauhitaji mtu wa nje. Huja kwa mama mwenye mimba, kwa mwenye kisukari, na kwa mtu aliyemeza dawa za antibiotiki alizojinunulia dukani bila daktari, maana dawa hizo huua hata vijidudu vizuri. Nguo za ndani zenye joto na unyevu huuongeza.

La tatu ni trikomona. Huu hupita kwa kulala pamoja. Majimaji huwa ya manjano au ya kijani, wakati mwingine yenye povu, na mkojo huunguza. Mwanamume mara nyingi haoni dalili yoyote, naye anao. Atamshitaki bibi mbele ya wazee huku mzigo ameubeba yeye mwenyewe.

Mbali na hayo kuna kisonono na klamidia, ambayo yakiachwa hupanda mpaka kwenye kizazi na mirija yake, na mwisho wake waweza kuwa utasa. Ni wanawake wangapi wamerudishwa kwao kwa sababu hawazai, na hakuna aliyempeleka bwana kupimwa?

Sasa kuna jambo ambalo kila mwanamume asomaye karatasi hii alisome mara mbili. Kwa miaka mingi madaktari walimtibu mama peke yake kwa ule ugonjwa wa bakteria, na ulikuwa ukirudi na kurudi. Mwaka 2025 madaktari wa Melbourne, Australia, walitangaza matokeo ya utafiti wao. Walichukua wanawake wenye ugonjwa huo, kila mmoja na mwanamume wake mmoja tu. Wote walitibiwa, lakini katika kundi moja mwanamume naye alipewa vidonge vya kumeza na dawa ya kupaka kwa siku 7. Katika majuma 12, wanawake ambao waume zao hawakutibiwa, 63 kwa kila 100 waliugua tena. Ambao waume zao walitibiwa, waliougua tena walikuwa 35 kwa kila 100. Tofauti ilikuwa kubwa hata utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine dawa.

Maana yake nini? Maana yake vijidudu hao huishi kwa mwanamume pia, na huenda huku na huku kati ya watu wawili wasio na mtu wa tatu. Basi lile swali la "Umekuwa na nani?" jibu lake laweza kuwa: "Nimekuwa na wewe." Na asije mtu akasema, "Mimi nimetahiriwa, sina uchafu." Uchunguzi wa Rakai, Uganda, ulionyesha kuwa wake wa wanaume waliotahiriwa walipata ugonjwa huu kidogo kuliko wengine. Waliupata kidogo, lakini waliupata. Kisu cha ujana si cheti cha afya ya uzee.

Wale wanaoona kwamba kujiosha ndani ni jambo dogo, nao wasikie habari za Mombasa. Huko wanawake waliokuwa katika biashara ya ngono walifuatwa na watafiti kwa muda wa miaka 10, na matokeo yalitangazwa 2006. Waliokuwa wakijiosha ndani walipata VVU zaidi kuliko wasiojiosha, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliotumia sabuni. Walikuwa wakijiosha kwa kutafuta salama.

Dawa za sokoni nazo tuziseme. Siku za soko, Keroka na kwingineko, na siku hizi hata ndani ya simu, wako wauzaji wa unga wa kubana, vidonge vya majani vya kusukumiwa ndani, na maji ya kunukia. Wengine hutia ugoro. Muuzaji humwambia mama kuwa bwana amemchoka kwa sababu hana utamu, naye mama kwa hofu ya kuachwa hununua. Vitu hivi huchubua ngozi ya ndani, na penye mchubuko kila ugonjwa hupata njia. Hakuna dawa hata moja ya kununua sokoni inayohitajika ili uke uwe safi. Fedha hizo ni afadhali zinunue sabuni ya kufulia na mboga.

Na lipo jambo zito zaidi, ambalo kwetu hutajwa kwa jina la usafi. Uchunguzi wa serikali wa 2014 ulionyesha kuwa wanawake 84 kwa kila 100 wa kabila letu la Wakisii walikuwa wamekeketwa. Waulize wenye kulitetea, watakuambia kuwa msichana asiyekatwa si safi. Hili si kweli. Hakuna uchafu unaoondolewa kwa wembe. Kinachopatikana ni damu, maumivu, kidonda ambacho chaweza kuingia vijidudu, na taabu wakati wa kuzaa. Wengine siku hizi huwapeleka binti zao kwa mtu mwenye elimu ya uuguzi, afanye kwa siri kwa sindano na glavu. Hiyo pia ni kosa. Sheria ya 2011 yakataza jambo hili, afanye nani na afanye wapi, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000. Mwanachama anayetoa mshahara wake kulipia kisu hicho ananunua ugonjwa kwa binti yake.

Usafi wa kweli ni jambo rahisi na la bei ndogo. Mama aoshe nje tu, kwa maji safi, na kama ni sabuni iwe isiyo kali, isiingie ndani. Akitoka chooni ajifute kutoka mbele kwenda nyuma, asivute uchafu wa nyuma kuuleta mbele. Nguo ya ndani iwe ya pamba, ibadilishwe kila siku.

Siku za mwezi zina shida yake. Nyamira mvua ni nyingi, na mama mwenye kutumia vitambaa huona haya kuvianika mbele ya wakwe. Huvificha chini ya kitanda vikiwa bado na unyevu, na mwezi ujao huvitumia hivyo hivyo. Vitambaa vifuliwe kwa sabuni, vikaushwe juani, na jua likikosa vipigwe pasi ya makaa mpaka vikauke kabisa. Bwana akiona kitambaa juu ya kamba asigeuze uso. Anayeona haya kwa kitambaa kilichofuliwa aone haya zaidi kwa mshahara unaokwisha baa huku bibi akikosa bei ya pedi.

Serikali iliondoa kodi ya VAT juu ya pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria kwamba wasichana wa shule za umma wapewe bure. Hayo ni mema. Huko Gem, Siaya, mnamo 2012 na 2013, watafiti waliwapa wasichana wa shule kadhaa za msingi vikombe vya hedhi, wengine pedi, na wengine waliendelea na desturi zao. Waliopewa vikombe au pedi walionekana kuwa na magonjwa ya zinaa machache kuliko wasiopewa. Lakini sheria ya 2017 humtaja msichana wa shule. Akimaliza shule akaenda kuchuma chai au kufagia stesheni, hatajwi tena.

Hapo ndipo tunapofika kazini.

Mchuma chai huingia shambani kabla umande haujakauka. Amevaa vazi la plastiki, nguo chini yake zimelowa, kapu liko mgongoni, na hulipwa kwa kilo. Choo kikiwa mbali, kwenda na kurudi ni kilo zilizopotea. Basi hubana mkojo mpaka jioni, au hakunywi maji tangu asubuhi asije akahitaji kwenda. Kubana mkojo na kutokunywa maji humfungulia mlango ugonjwa wa njia ya mkojo. Kitambaa cha asubuhi hukaa mwilini hadi saa kumi, maana hakuna mahali pa kubadili wala maji ya kunawa.

Na reli je? Tarehe 31 Mei 2017, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa, walioshika usukani wa gari la kwanza walikuwa madereva wanawake wa Kenya. Tulipiga makofi. Lakini kazi ya reli ilipangwa zamani kwa kumfikiria mwanamume. Genge likiwa njiani, mbali na stesheni, mwanamume huingia kichakani. Dada yetu wa genge aende wapi, na katika siku zake afanyeje? Kumpa mwanamke kazi bila kumpa choo ni kumpa nusu ya kazi.

Haya si maombi ya huruma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamlazimisha mwajiri kuweka vyoo vya kutosha, visafi, na vya wanawake mbali na vya wanaume. Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka atoe maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Sheria hiyo hiyo yasema kuwa mtu aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara mzima, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yataja haki ya afya, ya maji safi na ya usafi unaofaa. Sheria haipungui. Kinachopungua ni mtu wa kuisoma mbele ya nyapara.

Kwa hiyo twatoa shauri kwamba katika mapatano yajayo na waajiri, matawi yetu yadai mambo haya:

(1) Choo cha wanawake chenye mlango unaofungwa kwa ndani, maji, sabuni na pipa lenye kifuniko, katika kila mahali pa kazi. Na kwa magenge na mashamba, choo cha kuhamishika karibu na kazi.

(2) Nafasi ya kwenda chooni bila kukatwa kilo wala saa, na bila kuomba ruhusa kwa kupaza sauti mbele ya watu.

(3) Pedi zikae katika sanduku la huduma ya kwanza, kama bendeji zinavyokaa.

(4) Cheti cha daktari kipokewe bila mama kulazimishwa kumweleza nyapara au karani ni ugonjwa gani.

(5) Katika kila kamati ya usalama kazini awepo mwanamke aliyechaguliwa na wanawake wenzake.

Kwa upande wetu, sisi wanaume tuna deni letu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwenda kwa bima mpya ya afya ya SHA. Wako watu wanaokatwa kila mwezi, na bibi na watoto hawajaandikwa kama watu wa nyumba yao. Mwandikishe bibi. Akiugua, mpeleke hospitali ya Nyamira, au ya Kisii, au zahanati iliyo karibu, na wewe ingia naye. Ukipewa dawa nawe, meza yote, usiache katikati kwa kuwa hujisikii mgonjwa. Wala msigawane vidonge vya mtu mmoja.

Na ziko dalili ambazo hazingoji mwisho wa mwezi: damu baada ya kulala pamoja, damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi, majimaji yenye damu na harufu mbaya, maumivu ya chini ya tumbo pamoja na homa. Hizi zaweza kuwa za kizazi kilichoingia ugonjwa, au za saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi katika Kenya. Mama mwenye miaka 30 na zaidi asingoje hata dalili, aende apimwe. Kipimo ni cha muda mfupi. Na tangu Oktoba 2019 serikali imekuwa ikitoa chanjo ya kuzuia virusi vya saratani hiyo kwa wasichana wa miaka 10. Mwenye binti wa umri huo asimfiche.

Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humfichua. Lakini mama haanzi kuficha kwa kupenda. Huficha kwa sababu amejifunza kuwa akisema, atapigwa au atarudishwa kwao. Siku ambayo bibi wa mwanachama wa chama hiki ataweza kusema mezani, "Bwana, naumwa, twende hospitali wote wawili," na bwana akatafuta kofia yake bila neno, siku hiyo chama kitakuwa kimeshinda shauri moja ambalo halikuandikwa katika mapatano yoyote.

Karatasi hii isifungiwe sukari. Msomee bibi, na kama yeye ndiye mjuzi wa kusoma, mpe akusomee.

Umoja ni nguvu.

Mhariri